Unasalaka wapi? Namna ya kuhesabu dini za kartie bila kujidanganya

Hotuba kwa wakubwa wa kartie na vijana waulizaji, Komini ya Katuba, Lubumbashi

Bwana Burgumestre, wakubwa wa kartie, mapadiri, wachungaji na mama wachungaji, maimamu, wazee wa Bapostolo, nanyi vijana mtakaobeba fishi za maswali: jambo kwenu nyote.

Tumeitwa kueleza jinsi ya kujua wakaaji wa kartie moja, yaani mtaa mmoja, wanafuata dini gani. Wengi humu ndani wanaona jambo hilo linajulikana tayari. Padiri anasema kartie ni ya Wakatoliki, kwa kuwa daftari lake la ubatizo limejaa. Mchungaji wa uamsho anasema Wakatoliki wamekwisha, kwa kuwa hema lake linafurika kila Jumatano. Imamu anatazama safu za Ijumaa na kusema Uislamu unakua. Kila mmoja amesema kweli juu ya alichokiona mlangoni kwake, lakini kartie nzima hakuna aliyeiona. Hapa kwetu mtu mmoja anaweza kuwa na mahali pawili au patatu pa kusalia, na anayehesabu kwa swali moja ataondoka na hesabu ya uongo hata kama hakuna mtu aliyemdanganya. Maelezo yetu yote ya leo yanatokana na jambo hilo.

Kwanza, sababu ya kuhesabu, maana mtaulizwa kwenye kila geti. Katiba ya 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 1 kwamba serikali yetu haina dini, na kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa dini. Kwa hiyo hakuna anayelazimika kujibu, na hesabu hii haitagawa vyeo. Faida yake ni ya kila siku. Kampeni ya chanjo ya surua au ya polio inatangazwa makanisani. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya akijua kwamba kwenye avenyu fulani kuna kundi linalosali uwanjani na lisilopenda dawa za hospitali, atakwenda kwanza kuongea na mzee wao badala ya kupeleka timu yenye sanduku la baridi na kufukuzwa. Kipindupindu kikija ni hivyo hivyo: habari ya kutia dawa kwenye maji inapita haraka zaidi kwa mama wa kwaya kuliko kwa bango.

Msichukue namba za nchi nzima mkazibandika kwenye Katuba. Sensa ya mwisho ya watu wote nchini ilifanywa mwaka 1984. Waliozaliwa mwaka huo sasa wana watoto wakubwa. Uchunguzi wa afya na uzazi wa 2013-2014 uliuliza dini, lakini uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 na wanaume wa miaka 15 hadi 59. Bibi wa miaka 70 hayumo. Tena ulipangwa kwa ajili ya nchi na majimbo. Ndani yake kartie yenu ni watu wachache au si hata mmoja.

Jueni pia yale masanduku ya dini tunayoyatumia (“Mkatoliki”, “Mprotestanti” na mengine) yalitoka wapi, kwa sababu hayakutengenezwa kwa kipimo cha cité, yaani makartie ya watu wa kawaida kama Katuba. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Mwaka huohuo Katanga ilikabidhiwa Wabenedikto wa Jean-Félix de Hemptinne, na Wasalesiani wakafika mwaka 1911. Kwenye kambi za wafanyakazi na shuleni, Wakatoliki walipewa nafasi ya mbele na wakoloni, na ndiyo maana wazee wengi wa Katuba walibatizwa Wakatoliki kwa njia ya darasa. Waprotestanti walikuja kwa barabara nyingine. Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya kwa Msiri mwaka 1886, na kutoka huko likatoka kanisa la Garenganze. William Burton na James Salter walianza kazi yao ya Kipentekoste huko Mwanza, kwa Baluba, mwaka 1915. Wamethodisti walikuja na John Springer. Mafundisho ya Watch Tower yaliingia na wafanyakazi waliotoka Rhodesia ya Kaskazini na kuzaa dini ya Kitawala. Bapostolo wa Johane Maranke, walioanza Rhodesia ya Kusini mwaka 1932, walifika baadaye. Na Simon Kimbangu, aliyeanza kuhubiri Nkamba mwaka 1921, alifungwa katika mji huu huu na akafia humu tarehe 12 Oktoba 1951. Muulizaji anayemchukulia Mkimbangu wa Katuba kama mgeni kutoka Kongo Central, zamani Bas-Congo, hajui historia ya mji wake.

Kisha ikaja sheria ya 31 Desemba 1971. Serikali ikatambua Kanisa Katoliki, Kanisa la Kristo (umoja wa makanisa ya Kiprotestanti) ambalo leo linaitwa ECC, na Wakimbangu; Waislamu, Waorthodoksi na Wayahudi wakaongezwa baadaye. Vikundi vingine vikakimbilia mwavuli wa Kanisa la Kristo ili visifungwe. Sanduku la “Mprotestanti” likawa ghala: ndani mna Mmethodisti, mna Mpentekoste, mna kundi lililoingia kwa ajili ya karatasi tu. Baada ya siasa kufunguliwa mwaka 1990 makanisa ya uamsho yakajitokeza wazi, na tangu sheria ya 20 Julai 2001 yanajiandikisha kama mashirika yasiyo ya faida. Leo viongozi wa madhehebu 8 ndio wanaokaa pamoja mbele ya serikali. Lakini ukimuuliza mama wa soko kama yeye ni wa dhehebu la ngapi kati ya hayo manane, atakucheka. Yeye anasalia kwenye parsele (kiwanja chenye nyumba) fulani, kwenye avenyu fulani, kwa mchungaji anayemjua kwa jina.

Kwa hiyo kazi inaanza na orodha ya mahali pa sala, na inafanywa kwa miguu. Wawili wawili, avenyu kwa avenyu, mnakwenda upande mmoja na kurudi upande wa pili. Kila mahali mnaandika jina lililo kwenye ubao na, kando yake, jina wanalolitumia majirani. Hayo mawili mara nyingi hayafanani hata kidogo. Kwenye ubao kuna maneno matano ya Kifaransa. Majirani wanasema “kwa pasta wa pale robineti”. Mkiandika moja tu, siku ya kupanga majibu mtalihesabu kanisa moja kama makanisa mawili. Andikeni siku na saa za ibada, lugha (Kiswahili, Kifaransa, Tshiluba, Kibemba), kama ni jengo, hema au uwanja, na kama kanisa lina parsele yake au limekodi. Lililokodi litahama mkataba ukiisha. Ndiyo maana orodha iliyozidi miezi 6 hatuiamini.

Mpite mara mbili, na si kwa siku moja. Kanisa linalokutana kwenye darasa la shule halionekani Jumatatu. Jumatatu pale ni hesabu na imla. Bapostolo wa Maranke mtawaona Jumamosi na kanzu zao nyeupe, uwanjani, bila ukuta wala ubao. Chumba cha sala kilicho ndani ya nyumba ya mtu hakina alama yoyote nje. Hapo muulizeni mama anayeuza makaa kwenye kona, anajua sauti za usiku zinatoka parsele gani.

Mtapewa madaftari. Yapokeeni kwa heshima, kisha mjue yanasema nini. Daftari la ubatizo la parokia limeandikwa vizuri kuliko karatasi nyingi za komini: jina, tarehe, wazazi, msimamizi, na pembeni nafasi ya kuandika kipaimara na ndoa. Pembeni hapo hapaandikwi kwamba mtu alihamia Kolwezi, wala kwamba siku hizi anasali kwa Wapentekoste. Daftari la ubatizo linaongezeka tu, halipungui. Mchungaji naye ukimuuliza ana washirika wangapi, atakupa idadi ya siku ya sikukuu, pamoja na watoto na kwaya ya wageni. Hatusemi wanadanganya, wanajibu swali jingine. Na msijaribu kusahihisha kwa kusimama mlangoni na kuhesabu vichwa. Parokia ina misa zaidi ya moja, kwaya inaimba mbili, na nusu ya waliomo wametoka kartie nyingine.

Sasa twende nyumbani kwa watu. Hatutaweza kuuliza kila mtu, kwa hiyo tunachagua. Ukitaka jibu lisilokosea zaidi ya pointi 5 juu au chini, kwa uhakika wa mara 95 kati ya 100, unahitaji watu 384 kama wangekuwa wamechaguliwa mmoja mmoja katika kartie yote. Sisi tunawachagua kwa mafungu, na majirani hufanana, kwa hiyo tunazidisha kwa 1.5: watu 576. Mmoja kati ya 10 hatapatikana au atakataa. Tunagawanya kwa 0.9 na kupata 640. Hao ni mafungu 32 ya watu 20.

Tuseme kartie ina parsele 2,880. Zigaweni katika vipande vya parsele 30, mtapata vipande 96. Chagueni kwa bahati namba kati ya 1 na 3, kisha chukueni kila kipande cha tatu kutoka hapo: 32. Msichague “vipande vizuri”, vile vya karibu na lami ambavyo havina matope. Kwenye barabara kubwa mna maduka na nyumba za kukodi. Ndani ndani mna wenye parsele wa zamani. Dini zao hazilingani.

Ndani ya kipande mnaandika kaya zote, na hapa ndipo kazi nyingi inapoharibikia. Parsele si kaya. Mbele kuna nyumba ya mwenye parsele, nyuma kuna vyumba vinne vya wapangaji, na kwenye kona kijana wa chuo anayelala peke yake. Muulizaji mvivu anaongea na mzee kwenye geti, anaambiwa “hapa sisi ni Wamethodisti”, anaandika parsele nzima Methodisti na kwenda zake. Kanuni ni hii: kaya ni watu wanaokula bukari (ugali) wa sufuria moja. Anayejipikia ni kaya yake, hata kama analala kwenye korido. Mkisha kuandika kaya zote, chukueni 20 kwa hatua sawa: kipande kikiwa na kaya 60 mnachukua kila ya tatu, kikiwa na 100 mnachukua kila ya tano. Idadi hiyo ya 60 au 100 iandikwe juu ya fishi, tutaihitaji.

Ndani ya kaya mnaandika wote wenye miaka 18 na zaidi, kuanzia mkubwa hadi mdogo, kisha mnachomoa karatasi moja yenye namba. Aliyetoka ndiye anayejibu, hata kama hayupo na lazima mrudi. Baba hamjibii mke wake. Tunajua itawakera wazee wetu, na mtawaeleza kwa adabu: “Baba, karatasi imemtoa mama, nasi hatuwezi kuibadilisha.” Mama aulizwe na muulizaji mwanamke, mbali kidogo na sebule. Mwanamke akiolewa mara nyingi anahesabiwa kanisani kwa mume. Moyo wake unaweza kuwa umebaki alikobatizwa, na hatasema hivyo mume akiwa amekaa hapo na gazeti.

Maswali ya msingi ni manne. La kwanza liulizwe kama watu wa mji huu wanavyoulizana: “Unasalaka wapi?”, yaani huwa unasali wapi. Msiulize “kanisa lako ni lipi?”, kwa sababu Mwislamu ana msikiti, Shahidi wa Yehova atakuambia Jumba la Ufalme, na wote wawili wataona kwamba fishi haikuandikwa kwa ajili yao. Jibu liandikwe kama lilivyosemwa, neno kwa neno. Msichague ninyi kati ya “Mprotestanti” na “uamsho” hapo getini. Kupanga kunafanywa baadaye mezani, watu wawili kila mmoja peke yake, kisha wanalinganisha. Penye tofauti tunarudi kwenye orodha ya mahali pa sala. Mtu akijibu “mimi Mkristo tu”, ulizeni mara moja zaidi: “Mara ya mwisho ulisali wapi?” Akirudia “Mkristo tu”, hilo ndilo jibu lake. Lina mstari wake kwenye jedwali.

La pili: “Katika wiki 4 zilizopita, ulisali wapi kwingine?” Acheni nafasi tatu. Hapa ndipo mtakapompata Mkatoliki wa misa ya Jumapili ambaye Jumatano yuko kwenye hema na Ijumaa usiku yuko kwenye mkesha. Ukimlazimisha achague, atachagua pale panapoonekana pana heshima mbele yako, na jibu litabadilika kulingana na rozari au fulana uliyovaa. Kwa hiyo msivae alama yoyote ya dini kazini. Hata kitenge cha sikukuu ya parokia kinafunga midomo.

La tatu: “Ulipokuwa mtoto, kwenu walisali wapi?” Wengine walitaka tuulize ubatizo. Tumekataa. Wakimbangu hawabatizi kwa maji, Mwislamu habatizwi, na kuna watu waliobatizwa mara mbili. Swali la utoto linajibiwa na kila mtu, na ndilo linaloonyesha waliohama.

La nne ndilo tunalolipenda kuliko yote: “Kukitokea kilio hapa nyumbani, mtamwita nani aongoze sala?” Mtu anaweza kutaja mahali popote pa kusalia bila gharama. Kwenye kilio, yaani msiba, kuna gharama: kanisa linaangalia kama ulikuwa unatoa mchango, kama ndoa yako inajulikana, kama ulionekana. Mwenye jibu tayari ana mahali anapojulikana. Anayenyamaza, au anayesema “watakuja wa familia, tutaona”, hana, hata kama swali la kwanza alilijibu haraka. Kwa mtu wa afya au wa msaada, namba hiyo ya wasiojulikana popote ina kazi kubwa kuliko asilimia ya Wakatoliki.

Kuna mambo mawili yanayowadanganya waulizaji wapya kila mara. Moja ni jina. Ramazani, Shabani, Saidi: majina hayo yametoka Maniema na watu wake, na yanabebwa na Wakatoliki na Wapentekoste wengi. Na kwa wazee, majina ya ubatizo yalikatazwa mwaka 1972. Mkatoliki wa kweli anaweza kuwa hana jina hata moja la mtakatifu kwenye karatasi zake. Msiweke alama kabla ya kuuliza. Jingine ni shule. Tangu mkataba wa 1977 shule nyingi za serikali zinasimamiwa na makanisa na jumuiya za dini, kama Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu. Mzazi anachagua shule kwa umbali, kwa ada na kwa nidhamu. Sare ya mtoto haisemi kitu juu ya sala za nyumbani.

Siku na saa. Jumapili asubuhi mtawakuta nyumbani wagonjwa, walinzi waliotoka zamu na wasiosali. Mkifanya kazi saa hizo, kartie itaonekana imeasi. Jumamosi Waadventisti na Bapostolo wako kwenye ibada. Ijumaa adhuhuri wanaume Waislamu wako msikitini. Tunapanga hivi: mara ya kwanza siku ya kazi kuanzia saa kumi alasiri, mara ya pili Jumamosi, mara ya tatu Jumapili baada ya saa nane mchana. Ziara tatu, kwa siku tofauti, ndipo mnaandika “hakupatikana”. Epukeni wiki ya Pasaka na wiki mbili za mwisho wa Desemba. Epukeni 25 Mei, ambayo kwa Wakimbangu ni Noeli, na tarehe 6 Aprili, wanapokumbuka mwanzo wa kazi ya Kimbangu. Na mfanye kazi wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba. Mvua ikinyesha, wanaosali uwanjani hawakutani kama kawaida, na swali la wiki 4 linawapunja wao peke yao.

Sasa jambo ambalo hapa ndani hakuna atakayelikubali kwa sauti: kwenda kwa mufumu, yaani mganga. Mkiuliza uso kwa uso mtaandika “hapana” 576. Tumieni kifuko cha maharage: meupe 5, mekundu 5, yasiyoonekana kwa nje. Anayeulizwa anaingiza mkono, anachomoa moja, analiona peke yake na kulirudisha. Akipata jekundu anasema “ndiyo” bila kujali ukweli. Akipata jeupe anajibu kweli. Muulizaji hajui ni lipi. Nusu ya watu watasema “ndiyo” kwa sababu ya harage tu. Ikiwa “ndiyo” zote ni 60 kwa 100, zile 10 zilizozidi zinatoka kwenye nusu ya pili, kwa hiyo makadirio ni 20 kwa 100. Vitabu vinasema tumieni sarafu. Vitabu hivyo havikuandikwa kwetu, sarafu ziko wapi sokoni? Na maharage yawe ya ukubwa mmoja; mekundu yakiwa makubwa zaidi, vidole vitajua.

Fishi zikirudi, msihesabu tu na kugawanya kwa 576. Fikirini kaya mbili za kipande kimoja. Moja ni ya kijana mpangaji anayeishi peke yake, wa uamsho. Nyingine ina watu wazima watano, na karatasi ikamtoa mama Mkatoliki. Kijana alikuwa na uhakika wa kuchaguliwa mara kaya yake ilipotoka. Mama alikuwa na nafasi moja kati ya tano. Kwa hiyo fishi ya kijana ina uzito wa 1 na ya mama uzito wa 5, na kila moja inazidishwa tena kwa idadi ya kaya za kipande ikigawanywa kwa 20. Mkisahau hatua hii, wapangaji vijana wanaokaa peke yao watajaza jedwali, na makanisa yanayopendwa na vijana yataonekana makubwa kuliko yalivyo. Ni kosa linalofanywa hata na watu wenye diploma.

Kisha soma namba kwa kiasi chake. Pointi 5 ni kwa kundi lililo karibu na nusu ya kartie. Kundi lenye 2 kwa 100, katika watu 576 ni watu 11 au 12, na ukweli wake unaweza kuwa popote kati ya 0.6 na 3.4. Mwaka ujao mkipata 3, msiende redioni kusema limeongezeka. Kwa makundi makubwa, tofauti kati ya hesabu mbili inaanza kuwa na maana ikipita pointi 7. Chini ya hapo nyamazeni. Na jedwali la swali la pili litazidi 100 likijumlishwa. Andikeni hivyo chini yake, la sivyo mtu wa kwanza atakayelisoma atasema hamjui hesabu.

Kuhusu usimamizi, tunasema wazi kwa sababu tunaipenda kazi hii: kuna fishi zinazojazwa chini ya mwembe. Zinatambulika. Umri wote unaishia kwa 0 au 5, mahojiano yote yamechukua dakika 4, kalamu haikubadilika na mkono haukuchoka, na swali la kilio lina jibu lilelile kwenye fishi zote. Waulizaji 8, kila mmoja fishi 8 kwa siku, ni siku 10. Kabla yake siku 4 za kuandika kaya, jozi 4, kila jozi vipande 2 kwa siku. Anayemaliza siku 10 kwa siku 5, msimpongeze kwanza. Msimamizi arudi kwenye kaya 64, moja kwa kila kumi, aulize upya maswali matatu: watu wazima ni wangapi, unasalaka wapi, na kijana wetu alifika kweli?

Hakuna swali la kabila kwenye fishi hii. Kuna makanisa katika mji huu ambayo kila mtu anajua waumini wake walitoka upande gani, na Katanga ya 1992 na 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa, wengi humu ndani mnaikumbuka vizuri kuliko sisi tunavyoweza kuieleza. Hakuna jina pia. Fishi ina namba. Karatasi nyingine, anayokaa nayo msimamizi peke yake, ndiyo inayosema namba fulani ni parsele ipi, na inatumika kwa ule ukaguzi wa kaya 64 tu. Mkuu wa kartie hataiona, Baba tunaomba radhi, wala padiri, wala mchungaji. Hakuna matokeo yatakayotolewa kwa avenyu, na kundi lililo na watu pungufu ya 5 kwenye fishi litaunganishwa na mengine, maana familia moja ya Waorthodoksi kwenye kartie nzima itajulikana hata bila jina.

Barua ya ruhusa yenye muhuri wa komini itolewe nakala 8, moja kwa kila muulizaji, na ifike kwa wakubwa wa avenyu siku tatu kabla ya kuanza. Matokeo yasomwe hapa hapa kwanza, mbele ya makundi yote siku moja, karatasi ileile kwa padiri, kwa imamu na kwa mzee wa Bapostolo. Ukaguzi ukiisha, ile karatasi ya parsele itachomwa mbele ya watu watatu wa dini tatu tofauti. Mkubali leo ni akina nani, kabla hatujatoka. Kisha vijana wabaki, tutagawa vifuko vya maharage na kujaribu swali la nne kwenye parsele za nyuma ya ukumbi.